Maji ya Jikoni kwa Bi Mwanahija

"Fuata ngiri," alisema injinia Erasmo, akitafuna muhogo bila haraka. "Bomba likivuja chini ya ardhi, yeye ndiye wa kwanza kulijua hilo tope."

"Awe wa kwanza. Wa pili siwi mimi," alijibu Bakary.

Fundi huyu wa maji kutoka Kiswere alijaliwa maneno kuliko spana. Pampu ilivuta vizuri, tangi lilijaa, lakini njiani kuelekea kituo cha askari wa hifadhi maji yalitoweka, na bomba la jikoni likawa linakohoa hewa tu. Jiko lenyewe lilikuwa la Bi Mwanahija, mpishi wa kituo, mama yake Naima, binti aliyetakwa na Bakary. Posa ya Bakary ilipomfikia, mama hakuuliza mahari.

"Mie nabeba ndoo toka kisimani, na anayeniposea mwanangu ni fundi wa maji!" alisema. "Yafike jikoni kwanza."

Wajomba wa Naima walikuwa wanakuja kesho yake kutoa jibu. Bakary alichimba hapa, pakavu. Akachimba pale, pakavu vilevile. Aliogopa, ukweli usemwe. Alimpenda Naima mno.

Ndipo ngiri wakapita na watoto wao, mikia juu, wakishuka bondeni. Bakary akaangaza huku na huku kuona kama kuna shahidi, kisha akawafuata.

Dume lilikuwa limejilaza topeni, macho limeyafumba kama mtu aliyeshiba pilau ya harusi. "Hodi," alisema Bakary, maana hakujua lingine la kumwambia. Ngiri akaondoka kwa kinyongo. Bakary akapiga bismillahi, akaingiza mikono mpaka kwapani, akakipapasa kiungio cha bomba kilicholegea, akakikaza.

Aliporudi, Bi Mwanahija alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Kumtokea mkwe katika hali ile! Bakary aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umejipaka nini?"

"Tope, mama."

"Tope la nini?"

Bakary alijifuta shavu, tope likazidi kuenea.

"La ngiri," alimsaidia Erasmo toka kivulini alikokaa, kwa furaha kubwa.

Bi Mwanahija alijiziba pua kwa pembe ya kanga. Nyuma yake bomba likakohoa, likatema kutu, kisha likamwaga maji. Mama akageuka. Aliyatazama muda mrefu, akayakinga kwa kiganja, akayaonja. Akachukua kopo.

"Sogea hapa nje. Usiguse kitu. Ngiri ni najisi kama nguruwe, ni kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Udongo naona umekuja nao."

Alimmiminia yeye mwenyewe, akihesabu kwa sauti, na Bakary alisikia raha na aibu kwa pamoja. Baada ya ya saba, kopo likarudi tena chini ya bomba.

"Ya nane, mama?"

"Ya chai. Kaa."

Maji machafu yalipenya chini ya uzio, yakashika njia ya bondeni. Huko ngiri walikuwa wameshapiga magoti, wanayangoja.