Sahihi ya Mkuu wa Wasokota Kamba

…na hiyo huruma nani aliiomba, Enid anajiuliza, kalamu ya Karani imenyooshwa mbele yake na nibu yake inameta wino, nani kati ya hawa wote walioizunguka meza hii ndefu, wanaume kumi na saba na wanawake watatu, aliyewahi kumsikia yeye, Enid Garrod, msokota kamba, binti wa msokota kamba, akisema jamani nihurumieni, hakuna, hata mmoja, na bado imeandikwa pale kwenye kitabu cha jalada la ngozi, kwa mwandiko mzuri wa Karani, Bwana Ibbotson, naye ameisoma sasa hivi kwa sauti yake ya kanisani, kwamba kuanzia tarehe mosi Machi Baraza, kwa huruma, lilimpumzisha Mkuu wa Chama kazi zake zote kwa wiki nne ili awe kando ya mumewe… lilimpumzisha! kama punda aliyefunguliwa mzigo… “Kama ni kumbukumbu ya kweli, Mkuu,” Karani anasema, maneno yaleyale wanayoambiwa Wakuu wote wa Wasokota Kamba kila Oktoba tangu London ingali mji wa mbao, na Mkuu hutia sahihi, kisha huvua mkufu akamvisha anayemfuata, na anayemfuata ni huyu hapa kuliani kwake, Julian Peverell, mtu wa bima, shingo ameshaisugua na kuipaka manukato, anainyoosha kidogokidogo kama kobe aliyenusa jani, subiri, bwana, mkufu haukimbii, nimeuvaa siku mia tatu na sitini na kitu, na mabega yangu yanaujua uzito wake kuliko yanavyoujua mkono wa mtu yeyote aliye hai, na sahihi ni kitu kidogo tu, herufi kumi, basi mbona vidole havitaki, vidole hivi vilivyosokota katani tangu ana miaka kumi na minne, vimekakamaa, kucha zina weusi wa lami usiotoka hata kwa mafuta ya taa, vidole ambavyo Sir Alaric, yule anayekohoa upande wa pili wa meza, Mkuu mstaafu, aliviangalia siku ya gwaride la Meya mpya akasema, “Vaa glavu, Enid mpenzi, Meya ana ngozi laini,” naye akamjibu, “Basi leo ataijua kamba,” akampa Meya mkono mtupu, na Meya, mzee wa watu, akacheka akaushika kwa mikono yake miwili…

ni yeye, bila shaka, hii ni kazi ya Alaric, si ndiye aliyemwandikia ile barua ya Machi, karatasi nene, “sisi sote tungeelewa kama ungependa kumwachia Julian mkufu katika kipindi hiki kigumu,” tungeelewa, ndiyo, mngeelewa sana, mngepumua, miaka mia na ushee hamjapata Mkuu aliyewahi kusokota hata kamba ya kufungia mbuzi, ni mabenki, mawakili, watu wa bima, wenye kiwanda cha biskuti, wote Wasokota Kamba kwenye karatasi, halafu akaja mwanamke wa Limehouse, mtaa wa gatini, mwenye karakana ya kamba, na wenyewe mkampigia kura mkidhani atakuwa pambo, na pambo likakataa kukaa kabatini… yeye hakupumzishwa, Len mumewe alikufa Jumanne, Jumatano ya Majivu yeye alikuwa kanisani, kiti cha mbele, mkufu shingoni, padri akamchora msalaba wa majivu kwenye paji akasema u mavumbi wewe, na yeye akajibu moyoni hilo najua, mwenzangu, najua tangu jana, nyuma yake watu wakanong’ona, na akasimama akasoma somo alilopangiwa kusoma, neno kwa neno, sauti haikutetereka, shughuli mia mbili na kumi na moja kwa mwaka mmoja, karamu, ibada, mazishi ya wazee wa vyama vingine, watoto wa shule aliowafundisha kusokota uzi kwenye kitasa cha mlango, wafungwa aliowatembelea, kondoo aliowaswaga kwa desturi ya kale juu ya daraja la London mwezi uliopita huku mvua ikimpiga usoni, hakukosa hata moja, wala hiyo… wala hiyo ya Jumanne… “Enid,” Alaric anasema, taratibu, kama mtu anayemsemesha farasi, “tia sahihi, mpenzi, twende tukale, bata watakauka,” na mezani wanacheka kidogo, cheko la watu wenye njaa, na waache wakauke hao bata, yeye ameshakula bata wa kutosha mwaka huu, anaweza kuota manyoya…

ila kama ni Alaric mbona Karani ndiye asiyeondoa kalamu, tone la wino linakaribia kudondoka, na macho ya Bwana Ibbotson hayamwangalii Alaric hata kidogo, yanamwangalia yeye, na si macho ya mtu aliyetumwa, ni macho ya mtu anayesema pokea, tafadhali pokea… mzee Ibbotson, mjane wa miaka sita, anayekula mkate wake wa jibini peke yake ofisini saa saba kamili, ndiye aliyeiondoa ile picha kwenye jarida la Chama, ile picha, Mungu wangu, mpiga picha alikuwa na ustadi gani siku hiyo, Enid katikati ya uwanja wa Guildhall, kwenye zile mbio za chapati ambazo vyama vya mafundi vya jiji hushindana kila Jumanne ya kuamkia Majivu, joho la manyoya limepepea, kofia imemwangukia sikio, mkono umeshika kikaango, chapati ya maji iko hewani juu ya kichwa chake kama mwezi, na mdomo umeachama kwa kicheko, meno yote nje mpaka yale ya dhahabu, na pembeni, kwenye ukuta, saa inasomeka vizuri kabisa, saa sita na dakika thelathini na nane, na kwenye cheti cha hospitali kule Hackney, nyumba ile ya wagonjwa wa kuaga, imeandikwa saa sita na dakika arobaini, nani mwingine duniani anayejua alikuwa na sura gani dakika mbili kabla mumewe hajakata roho, yeye anajua, amepigwa picha… kwa hiyo ni Ibbotson, si huruma ya Baraza hii, ni huruma ya mzee mmoja mwenye mwandiko mzuri, amekaa usiku kucha na kitabu akamtoa uwanjani, akamvua kofia, akamnyang’anya kikaango, akamweka kwenye kiti kando ya kitanda na mkono wa Len mkononi mwake, kwa wino usiofutika, na miaka mia ijayo mtu atafungua atasoma awe kando ya mumewe, atasema alikuwa mke mwema huyu…

na ni rahisi, ni sahihi tu, na ukutani kwenye benchi la wageni ameketi Hazel, amekuja, hakutegemea angekuja, binti yao wa pekee ambaye tangu mazishi hajamwambia zaidi ya heri ya sikukuu, koti la kijani, mikono mapajani, na amesikia huo mstari ukisomwa, Enid alimwona akiusikia, alimwona akiinamisha kichwa na kuangalia viatu vyake kama mtu aliyeshuhudia mzazi akiiba dukani, kwa sababu Hazel anajua, Hazel alikuwa kwenye treni kutoka Leeds akakuta baba ameshafunikwa shuka, na mlangoni pa kanisa, watu wakishika mikono ya pole, Hazel akamwambia kwa sauti ya chini, “Baba alikufa na muuguzi, mama. Wewe ulikuwa unakimbia na kikaango,” na yeye akarekebisha mkufu… hata siku ya mazishi aliuvaa mkufu, kwa nini, kwa sababu Len ndiye aliyesema auvae, Len dereva wa basi, aliyeendesha basi namba kumi na tano miaka thelathini na moja na kila alipopita mbele ya jumba hili alipiga honi moja kwa ajili ya mama yake Enid, aliyekuwa akileta kamba za mapazia kwa mlango wa jikoni na kuambiwa asubiri nje na mvua, Len alisema, “Wewe utaingia mlango wa mbele, bibie, na ukitoka utatokea hukohuko mbele, hata nikifa katikati,” na akacheka akakohoa damu kidogo kwenye kitambaa, na ile asubuhi ya Jumanne, ameketi kitandani, mabega yamebaki kama henga ya koti, yeye akasema leo siendi, nimeshampigia Ibbotson, na Len akakasirika, akakasirika kwelikweli, “Mimi nimelala hapa kama gunia, na wewe unataka kukaa unihesabie pumzi? Nenda! Ukishindwa na yule mzee wa chama cha miwani usirudi hapa,” na alipofika mlangoni, “Na niletee moja. Ndimu na sukari. Usibane sukari”…

na aliileta, hilo hakuna anayelijua, hata Hazel, aliifunga kwenye leso akaitia mkobani kabla hajaiona simu, simu tatu za Dada Concepta, muuguzi, na kwenye ukumbi wa hospitali, akiwa na joho lake, watoto wakimkodolea macho wakidhani ni mtu wa sinema, aliketi kwenye kiti cha plastiki akaila yote, baridi, sukari ikimsaga meno, kwa sababu kuitupa kulimshinda… na Dada Concepta akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti, akasema, “Nilimuuliza nikupigie. Akasema, usimpigie, anakimbia,” na neno hilo ndilo limelala naye kitanda kimoja miezi saba, anakimbia, mke wangu anakimbia, ananikimbia, kwa sababu ni kweli, alikuwa anakimbia, karamu moja hadi nyingine, joho moja hadi jingine, kila mwaliko akiudaka kama mtu anayezama anavyodaka kamba, ili asikae kwenye kile chumba chenye harufu ya dawa na maua, na Len alijua, Len alimwona, na lilikuwa neno lake la mwisho juu yake, anakimbia… ila halikuwa la mwisho, ngoja, Concepta alisema kitu kingine, alikuwa bado ameshika magoti, alikuwa bado anasema, na yeye alishaziba masikio kwa lile neno moja, alisema nini, sukari ilikuwa mdomoni, mtoto mmoja akapita na baiskeli ya magurudumu matatu, na Concepta akasema, “Halafu akaniuliza, dada, saa ngapi sasa? Nikamwambia saa sita na nusu. Akasema, basi wameshapuliza filimbi. Akafumba macho, akawa anapigapiga kidole kwenye shuka, hivi, hivi, kama mtu anayehesabu hatua”…

anahesabu hatua… siyo ananikimbia, Enid, mjinga wewe, mjinga wa miezi saba, ana-kim-bia, yuko mbioni, filimbi imelia, mama Hazel yuko uwanjani na yule mzee wa miwani yuko ubavuni mwake na miguu yake mirefu kama korongo, pindua chapati, pindua, usiidondoshe, Len alikuwa pale uwanjani, alikuja kwa kidole, na mtu wa kwanza kuachwa nyuma siku ile alikuwa yule mzee, hatua tatu nzima, na kicheko kile kwenye picha ni cha ushindi, na Len alikingoja mpaka dakika ya thelathini na nane, mpaka utepe ukakatika, ndipo… na sasa mnataka kumtoa pale, kwa wino, kwa huruma, mnataka kumrudisha kitandani akafe huku mke wake anamhesabia pumzi, jambo alilolikataa kwa hasira yake yote ya mwisho, hapana, mzee Ibbotson, Mungu akulipe kwa moyo wako, lakini hapana, mtu hauzi ushindi wa marehemu kwa sifa ya mjane, na Alaric akohoe mpaka mapafu yamtoke, na Julian anyooshe shingo mpaka ifike Greenwich, aliyeniona nacheka na anione nacheka, na ile picha irudi, ibandikwe hapa ukumbini katikati ya wazee wenye mandevu, meno ya dhahabu yakiwa nje… tone la wino limedondoka, limetua kwenye karatasi pembeni ya mstari, doa dogo la mviringo, na Karani anasema tena, sasa kwa kunong’ona, “Mkuu? Ni kumbukumbu ya kweli?” na kalamu bado imenyooshwa, hajaigusa, bata bado wanakauka, na kule ukutani koti la kijani limesogea, kichwa kimeinuka.

“Futa huo mstari, Bwana Ibbotson,” Enid anasema, si kwa meza, kwa sauti ya kufika mpaka benchi la wageni, “uandike Mkuu alikuwa kazini, na mumewe ndiye aliyemtuma.”