Uzito wa Baba Bila Kiti

Saa sita kamili mchana Mizani alirudishia mlango wa ghala, akavuka barabara, akaingia nyumbani kumgeuza baba yake. Alifanya hivyo kila baada ya saa mbili tangu kiharusi kimpige mzee upande wa kulia, maana daktari alishaonya kwamba mgonjwa asiyegeuzwa huota vidonda. Jina la Mizani alipewa kazini. Kwa miaka kumi na saba alikuwa karani wa kupima magunia ya nafaka, na watu walisema akikushika mkono tu anakutajia kilo zako. Siku hiyo alipitisha mikono chini ya mgongo wa baba yake, akavuta, akajua kuna mtu anamchezea.

Mzee alikuwa amezidi kilo tatu tangu saa nne. Na hapo katikati alikuwa amekunywa chai nusu kikombe, basi.

Ghalani alishaona kila aina ya ujanja: mawe katikati ya gunia, nafaka iliyoloweshwa, mguu wa mtu unaokanyaga mzani huku mwenyewe anaangalia dari. Alianza na godoro. Akalipapasa lote, akachungulia uvunguni, akakung'uta mito, akageuza mifuko ya pajama nje ndani. Hakukuta hata kokoto. Ndipo akamgeukia baba yake mwenyewe, kwa jicho lile lile la kazini.

"Baba, unajilegeza makusudi?"

Mzee alichukua muda kuyakusanya maneno kwenye nusu ya mdomo iliyobaki.

"Si mimi," akasema.

Mizani alijisikia vibaya, akamfuta mate kwa upole kuliko kawaida. Lakini hakuacha kushuku. Aliihamishia shuku yake kwingine tu.

Haikuwa shuku ya bure. Wiki iliyotangulia, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja aliyekuja kumnyoosha mzee mkono, alimwona Mizani akiinuka kitini kwa kushikilia meza. Akambonyeza kiunoni, akakunja uso.

"Dada, pingili zako zimechoka. Ukiendelea kumwinua peke yako, miezi mitatu haiishi mtakuwa wagonjwa wawili humu ndani. Kwani huna ndugu?"

"Ninao wawili."

"Wako wapi?"

"Wako njiani," Mizani akajibu, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakimwambia kwenye simu kwa mwaka mzima na miezi kadhaa.

Jumamosi akaazima mzani mdogo wa ghalani, akaupakia kwenye toroli na kuuvusha barabara. Akauhakiki kwa jiwe la kilo ishirini. Akapima kiti cha plastiki peke yake: kilo mbili na nusu. Kisha akamkumbatia mzee, akamvuta kutoka kitandani hadi kwenye kiti juu ya mzani, kazi iliyomtoa machozi bila ya yeye kulia. Akatoa uzito wa kiti. Baba yake alikuwa na kilo mia moja thelathini na tisa. Hospitali, mara ya mwisho, waliandika hamsini na nne, na mwili wake ulikuwa ule ule, mbavu zinahesabika.

Alikuwa bado anahema simu ilipolia. Kaka Mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya upande wa pili wa mji.

"Mdogo wangu, wiki hii nimebanwa na mitihani, hata pa kupumulia sina. Ila tuko pamoja. Nisalimie mzee."

Mshale wa mzani ukasogea kilo mbili.

Haikupita nusu saa akapiga Kitindamimba, msusi, sauti za mashine za kukaushia nywele zikivuma nyuma yake. "Dada, wateja wamejaa hadi nje. Nikimaliza hiki kichwa tu nakuja." Kilo moja na nusu.

Mizani akakata simu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Sasa alielewa maneno ya mtaani ambayo alikuwa akiyasikia kwa sikio moja. Kwamba mwalimu mkuu anaingia darasani na mawe mifukoni, tangu upepo umbebe mstarini asubuhi na kumtupa kwenye ua wa miba. Kwamba msusi hujifunga kifundo cha mguu kwenye kiti cha mteja kwa mtandio. Yeye alidhani wanajinyima kula ili wapendeze.

Akawaita kikao Jumapili ya wiki iliyofuata, saa nane mchana. Hakueleza ajenda, na pengine ndiyo maana walikuja. Kaka Mkubwa alitembea kwa uangalifu, mawe yakigongana mifukoni, Kitindamimba amemshika mkono wa shati. Walimkuta baba yao ameshaketishwa juu ya mzani, nywele zimechanwa.

"Huo si ndio mzani wenu ambao wakulima wanaupigia kelele kila msimu?" Kitindamimba akauliza kabla hata ya kusalimia.

Mizani alimsogeza mzee na kiti chake hadi sakafuni, pingili zikalia, akachukua pakiti ya sukari ambayo Kaka Mkubwa alikuja nayo. Mzani ukasoma kilo mbili, kama ilivyoandikwa kwenye pakiti.

"Toa mawe, Kaka. Panda."

Kilo ishirini na moja. Mwezi mmoja kabla mzee hajaanguka, ndugu hao walipomtembelea Mizani ghalani wakapimana kwa utani, Kaka alikuwa na themanini na tatu, na Mizani hasahau kilo za mtu. Kitindamimba, aliyekuwa na hamsini na nane, akasoma kumi na tisa. Mizani alikuwa na sitini na moja zake zile zile. Mzee akarudishwa: mia moja hamsini na tano, bila kiti.

"Jumlisha mwenyewe, mwalimu."

Kaka Mkubwa akajumlisha kwa vidole, akarudia. "Sawasawa kabisa," akasema, kama anayesahihisha daftari.

"Ndiyo maana soli za viatu vyangu haziishi," Kitindamimba akasema.

"Nataka siku," Mizani akasema. "Kila mmoja siku mbili kwa wiki. Tatu zangu. Mgongo wangu unakwisha, ndugu zangu."

Kaka Mkubwa alifikiri kwa dhati.

"Mdogo wangu, hebu angalia. Mtu wa kilo ishirini na moja anamwinuaje mtu wa mia na hamsini na tano? Nitamwangusha mzee, nipate laana."

"Na wewe mizigo umeizoea," Kitindamimba akaongeza.

Mzee akafumba macho. Mshale ukapanda tena kidogo.

"Basi tuandikishane," Mizani akasema. "Ijulikane hizi kilo zimetoka kwa nani."

Akatoa kitabu cha stakabadhi za ghala, akaandika kwa mwandiko wake wa kazini: kilo sitini na mbili, kilo thelathini na tisa. Akawaelekezea mstari wa mleta mzigo. Kaka Mkubwa akasaini bila kusita, jambo ambalo siku nyingine lingemtia mtu wa ghalani wasiwasi. Kitindamimba akasaini. Kalamu ikarudi kwa Mizani, mstari wa mpokeaji ukiwa mtupu, na mkono wake ukafanya ulichofanya kwa miaka kumi na saba. Ukasaini, ukachana karatasi ya juu, ukampa aliyeleta.

Kaka Mkubwa alikuwa tayari anapuliza wino ndipo Mizani alipoona kwamba mzigo ameupokea mwenyewe.

"Kaka, nirudishie hiyo."

"Imeshasainiwa," Kaka Mkubwa akasema kwa upole, akiikunja. "Sheria za ghala wewe unazijua kuliko sisi."

Wakaaga vizuri, wakarudisha mawe mifukoni, wakaondoka wameshikana. Mizani alibaki na hasira iliyokosa pa kwenda, na nakala mkononi.

Mzee alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima. Akaichukua nakala, akaisoma polepole, kisha akaomba kalamu kwa macho. Akaitua kwenye mstari wa mpokeaji, juu ya jina la binti yake, akaisukuma kwa nguvu zake zote. Ikatoka alama moja iliyopinda badala ya saini.

"Hapo pameshajaa, Baba," Mizani akasema.

Saa mbili zilikuwa zimeshapita. Akapinda magoti, akampitishia mikono kwapani, akamwinua.