Paa la Udongo la Tamalut

Saa moja asubuhi theluji ilikuwa imekoma, na mapaa yote ya kijiji cha Tamalut yalikuwa meupe. Jua lilipofika kwenye ncha za mlima wa mbele, mengi yalikuwa yamerudia rangi ya kahawia. Huko milima ya Atlasi hakuna anayesubiri kuamshwa kwa kazi hiyo. Theluji ikikatika tu, kila nyumba inapanda juu, wanaume kwa wanawake, na kuisukuma chini kwa mabeleshi ya mbao kabla jua halijaigusa. Paa la udongo linavumilia theluji. Lisichovumilia ni maji yaliyotuama.

Nyumba mpya ya mapumziko, juu kwenye matuta ya milozi, ilikuwa bado nyeupe.

Tuda aliitazama kutoka uani kwa ami yake na papo hapo akaona alipokosea. Yeye ndiye aliyeichora. Alikuwa amesomea usanifu Rabati na kurudi nyumbani na hesabu zilizokamilika: vyumba sita tu, kuta nene za udongo ulioshindiliwa, madirisha ya kupokea jua la kusini, maji ya kuogea yateremke kunywesha milozi. Mihimili ya mierezi aliipigia hesabu ya uzito wa theluji, kisha akairudia. Ngazi ya paani hakuiweka, tena kwa makusudi. Juu ya mapaa ndiko wanawake wa Tamalut wanakoanika nafaka na kuchana nywele, naye hakutaka wageni wawachungulie. Lakini nyumba ile haikuwa na familia ya kukaa ndani wakati wa baridi. Alikuwa amepima kila kitu isipokuwa nani atapanda, na atapandia wapi.

Mwenye nyumba, ami yake Basu, alikuwa jikoni akichovya mkate kwenye mafuta ya zeituni. Ujana wake wote aliumalizia Ufaransa akimwaga zege, na zege ndilo lililomjengea nyumba aliyokaa. Kwake yeye udongo ulikuwa wa watu waliokosa saruji. Paa la Tuda alilikubali kwa sharti moja: lijaribiwe msimu huu wa baridi. Tone moja likipenya, linabomolewa na zege linamwagwa; mwenye lori la zege alikuwa ameshaagizwa aje baridi ikiisha.

"Ami, njoo unisaidie. Jua linakuja."

"Na lije." Basu alimeza tonge. "Tulikubaliana paa lako lijitetee lenyewe. Zege langu halibembelezwi kila kukicha."

"Zege lako limekuvalisha majuba mawili ya sufi, umekaa jikoni."

"Matatu," alisema mkewe, Mama Hadda, bila kugeuka kutoka kwenye jiko. "La tatu liko kwa ndani."

"Wewe mwanamke uko upande gani?"

"Upande wenye joto, baba."

Tuda hakungoja zaidi. Alichukua ngazi ya kuangulia matunda ya mjozi na beleshi la mbao, akapanda matuta, akaegemeza ngazi ukutani. Juu theluji ilimfika magotini. Alianzia upande wa mlizamu, ule mfereji wa mbao unaotoa maji nje ya ukuta, kwa sababu ukiziba huo hakuna kinachosaidia. Alifanya kazi bila kupumzika, na baada ya muda alinyoosha mgongo na kupima kwa macho. Alikuwa amesafisha eneo la chumba kimoja. Mstari wa jua ulikuwa umeshuka nusu ya mteremko.

Ng'ambo ya korongo Moha, rika la Basu, alikuwa amemaliza paa lake na kukaa ukingoni na gilasi ya chai.

"Basuuu!" aliita kwa sauti ya kufika bondeni. "Nyumba yako imefiwa? Tuje na sukari ya rambirambi?"

Vicheko vilipokezana kutoka paa hadi paa.

"Hakufa mtu!" mke wa Moha alijibu. "Bwana mkubwa bado anapata kifungua kinywa!"

Katika Tamalut paa jeupe huku jua likipanda lina maana mbili tu, msiba au uvivu, na Basu alizaliwa palepale. Mlango wa jikoni ulifunguka kwa kishindo. Alitoka bila juba hata moja, beleshi la chuma mkononi, akapanda matuta bila kumtazama mtu.

"Ami, chuma hapana! Kitachimba udongo."

Basu alisimama katikati ya ngazi, akalitazama beleshi, akalitupa chini. "Nipe lako. Wewe shika ubao wowote."

Alisukuma theluji kama anayegombana nayo. Kisha akaligeukia korongo.

"Moha! Mdomo unao, mikono je? Au chai imekulemaza?"

"Nilikuwa nangoja kuitwa! Kwani hilo ni paa langu?"

Majirani waliitwa, wakaja na mabeleshi yao. Theluji ya mwisho iliangushwa jua likiwa limeshagusa ukuta wa mashariki. Wakajipanga mstari, bega kwa bega, wakalikanyaga paa lote kwa visigino ili udongo ushikane. Tuda alikanyaga katikati yao, na kila alipokanyaga alisikiliza mihimili. Haikulia.

"Haya, mwambie mkeo atazame sasa," Basu alimwambia Moha, jasho likimtiririka. "Rangi gani?"

"Kahawia, kama mapaa ya watu. Nani alikuchorea?"

"Unamjua. Binti wa kaka yangu. Hili halikuletwa na lori, limetoka kwenye mlima huu huu."

Alasiri Basu aliingia ndani ya nyumba mpya, Tuda akimfuata, akapitia chumba kimoja kimoja akipapasa dari kwa kiganja. Kiganja kilibaki kikavu. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi kumi na nne, na moto haukuwa umewashwa. Kile alichokitundika Tuda jikoni kwa Basu kilikuwa kimesoma sita asubuhi ile, jiko likiwaka.

"Ulikosea," alisema.

"Ngazi. Na watu. Nimekosea, ami."

"Ngazi iwe kaskazini, huko hakuna ua wa mtu. Na uongeze chumba cha familia ya kukaa hapa mwaka mzima."

Tuda alikwisha kutoa penseli. Basu alisimama dirishani, akampigia simu mwenye lori la zege, akamwambia asije.