Nusu ya Uso Dirishani

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, na mke wangu akikwambia vingine, yeye hakuwepo. Tena nimepunguza. Ningeyaweka yote mngesema mzee amechanganyikiwa, naye mzee hajachanganyikiwa. Amekasirika.

Miaka thelathini na minane nilipiga picha za vitambulisho na pasipoti. Nyuso zilizopita mbele ya kamera yangu, ukizipanga barabarani, zingefika nchi jirani na kurudi, na mpakani zingeruhusiwa bila maswali. Kwa hiyo mtu asinifundishe habari ya sura.

Binti yangu, kitinda mimba wangu, ni karani wa mapokezi hospitalini. Mwaka wa tisa huu anaandikisha wagonjwa dirishani. Mwaka jana mshipa wa fahamu wa uso ulimchezea. Aliamka asubuhi upande wa kulia umelala. Jicho lilirudi, shavu likarudi kiasi, pembe ya mdomo ikagoma. Akitabasamu, kushoto kunapanda, kulia kunabaki palepale. Ukimtupia jicho mara moja, utaapa anakubeza.

Basi watu wakalalamika, na Jumanne akapewa barua: Jumatatu ahamie stoo ya mafaili chini ya ngazi, ambako sura yake haitawaudhi wagonjwa. Hospitali, jamani! Si kiwanda cha misumari! Ghorofa ya pili wanatibu mishipa, ghorofa ya chini wanamhukumu mtu kwa mshipa!

Aliisoma barua amesimama jikoni, akaikunja mara nne.

"Baba, mimi kazi yangu ni watu," alisema. "Huko chini nitakauka."

Nilichemka mpaka miwani ikaingia ukungu. Daktari aliyemtibu alikwisha kunieleza: ndani ya ubongo kuna kipande kidogo kama lozi, kinachoshtukia uso wa mtu kabla mwenyewe hujajua umeona nini. Kikiona mdomo umepinda, kinapiga kelele, "Dharau!" Akili inafika baadaye, inahema, na kukuta kesi imeshakatwa. Nikasema sawa, lozi nalijua. Lozi la msimamizi wake nitalitafutia dawa.

Msimamizi huyo nilimpiga picha zamani, anatafuta kazi, kabla hajaota kitambi. Filamu zote ninazo kwenye makopo ya biskuti. Nikasafisha picha yake mara mbili, moja filamu imegeuzwa, kulia kukawa kushoto kama kwenye kioo. Nikazikata katikati ya pua, nikaunga upande wa kulia na wa kulia mwenzake. Nusu mbili za mtu mmoja, uso mzima wa mtu asiyekuwepo.

Alhamisi nikamwekea msimamizi uso huo mezani, ofisini kwake. Binti yangu alikuwa ameitwa kusaini barua.

"Shikamoo, mzee. Huyu ni nani?"

"Marahaba. Anaomba kazi ya mapokezi. Utampa?"

Akaitazama kwa muda wa kupepesa jicho. "Huyu? Mzee, hebu ona mdomo! Kiburi kitupu. Simpi hata ufagio."

"Basi jinyime ufagio, mwanangu. Huyo ni wewe."

Nikamweleza nilivyounga, nikaongeza kwa sauti ya kusikika mpaka foleni ya nje kwamba nyani haoni kundule. Nilikuwa nimeshinda, wallahi, ila binti yangu aliichukua ile picha, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akasugua pembe ya mdomo kwa kidole gumba. Kidole kikatoka cheusi.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Hii ni penseli."

"Aha!" Msimamizi akaruka. "Mzee umenichora!"

"Nimekazia tu."

"Umekazia nini?"

"Kilichokuwepo."

Sasa mniambie, fundi aliyezoea kufuta chunusi za watu miaka yote hiyo, mkono utatuliaje? Lakini hawakutaka kusikia. Msimamizi alisukuma barua mezani. "Saini, dada. Ungekuwa na haki, baba yako asingehitaji uongo."

Binti yangu hakushika kalamu. Alitoa kioo kidogo kwenye mkoba.

"Bosi, niazime kitambulisho chako. Hicho cha kifuani."

Akakilaza mezani, akasimamisha kioo wima katikati ya pua ya picha. Nusu ya uso ikaungana na kivuli chake.

"Tazama. Hapa hakuna penseli."

Nami nikachungulia. Loo! Mdomo umebinuka, jicho limefinywa, mtu anayenusa kitu kilichooza. Kumbe penseli yangu ilikuwa na huruma!

"Ndivyo nilivyo?" aliuliza msimamizi, taratibu.

"Ndivyo ulivyo upande mmoja. Naupata kila asubuhi ukipita dirishani. Mwanzo nilidhani unanidharau. Nikangoja uongee, nikajua sivyo." Akaigonga barua kwa kidole. "Wagonjwa wakinuna, nawangoja pia. Wewe, bosi, miaka tisa unanijua, na hukuningoja."

Msimamizi alikiangalia kioo, kisha akamwangalia yeye, safari hii kwa muda. Akaichukua barua, akaichana.

"Jumatatu kaa dirishani. Tutaweka kibao kidogo cha kuwaeleza wagonjwa habari ya mdomo wako, maneno uyaandike wewe." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mzee, kwa kunichora: vitambulisho vya wafanyakazi wa mapokezi vimechakaa. Wako kumi na mmoja. Utawapiga upya, kwa karatasi yako, bila kugusa sura ya mtu."

"Kumi na mmoja? Mimi ni mstaafu!"

"Baba," alisema binti yangu, "lipa."

Jumatatu nililipa. Nilisimamisha kamera yangu kwenye korido, naye binti yangu akaja kunikagua kabla sijaanza, kanyoosha mkono kama askari wa forodha. Nikampa penseli. Hakuuondoa mkono. Nikampa ya nyuma ya sikio. Akaninyooshea kidole mguuni, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda.

Nikainama, nikatoa na ile ya kwenye soksi.