Amrit Inaisha Saa Tano na Dakika Kumi

Mdogo wangu Winnie alikuwa anaolewa Magu kesho yake, na mimi niliyemlea tangu mama afariki bado sikuwa nimepata ruhusa kazini. Kisa, kalenda.

Bosi wangu, Mzee Vallabh mwenye duka la nyavu hapa Kirumba, ana kalenda ya Kihindu iliyochapwa Ahmedabad, India. Mchana wote, tangu jua lichomoze mpaka lizame, umegawanywa mafungu manane. Amrit ni fungu la heri, Rog la maradhi, Kaal la hasara. Siwacheki wanaoiamini; hata bibi yangu hakuanza safari kabla mganga hajampasulia kuku. Kilichonikera ni ujanja wa mzee. Mteja akija, hatazami kalenda. Nikiomba ruhusa mimi, macho ukutani: "Sasa ni Rog, Sabina. Ngoja kwanza." Wiki tatu nangoja!

Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Nikajifunza ile kalenda chinichini mpaka nikaijua, na Ijumaa saa tano kamili nikasimama mbele ya meza yake.

"Mzee, naomba ruhusa. Ni Amrit."

Akatazama ukutani, akatabasamu. "Umechelewa, mama. Amrit imeisha saa tano kasoro kumi. Hii Kaal."

"Imeisha huko Ahmedabad. Hapa Mwanza jua limechomoza saa kumi na mbili na dakika arobaini. Gawa mafungu manane, mzee. Amrit yetu, fungu la tatu leo, inaisha saa tano na dakika kumi."

Akachukua kalamu, akagawa, akagawa tena. Mkewe, Mama Nirmala, aliyekuwa akikunja nyavu, alicheka mpaka akashika kaunta.

"Miaka yote namwambia hiyo kalenda ni ya jua la kwao, hasikii!"

Mzee hakucheka. "Kwa hiyo harusi yetu..." Walioana hapahapa Mwanza, miaka arobaini na moja iliyopita, kwa kalenda kama hiyohiyo. Akaandika saa ya ndoa yao, akagawa upya, akaweka kalamu chini.

"Nirmala. Tulioana kwenye Rog."

"Najua. Nilijua siku ileile."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakutaka."

Mimi nikatazama saa: tano na robo. Amrit ilikuwa imepita nikisikiliza mapenzi ya watu! Nilitaka kulia. Ujanja wote ule, halafu Winnie aingie kanisani bila mimi.

"Mzee," nikasema, "Kaal imeingia."

"Imeingia, ndiyo." Hata hakutazama ukutani, macho yake yalikuwa kwa mkewe. "Nenda kamwoze mdogo wako, Sabina. Na huko usimuulize mtu saa."