Mchezaji wa Mchana

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, nalo lilikaa kwenye kioo cha simu kama mgeni asiyejua kuaga: Inashughulikiwa. Msusi alilitazama kabla hajanawa uso, akalitazama baada ya kufagia kibaraza, na sasa alilichungulia tena huku kitana kikiwa katikati ya meno. Zawadi ya mashindano ya drafti ilikuwa imetoka kwenye akaunti yake ya mchezo tangu wiki iliyopita, lakini kwenye pochi ya simu haikuwa imetua. Ilikuwa imening'inia wapi hapo katikati, hakuna aliyejua.

"Pesa ya mtandaoni ni kama mvua ya kwa jirani," alimwambia mteja wake. "Unaisikia tu ikinyesha."

Mteja huyo alikuwa bi harusi mtarajiwa, nusu ya kichwa kimesukwa, nusu imesimama kama ufagio. Alimshauri afanye kama yeye alivyofanya na mchumba wake: asipige simu, anune tu, pesa itajileta yenyewe.

Msusi hakuwa na nafasi ya kununa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akimnyoosha mama yake mkono na mguu tangu kiharusi kimwangushe, alikuwa amesema kwa upole kwamba Ijumaa ndiyo mwisho wa kufanya kazi kwa ahadi ya malipo. Kiungo kisichozoezwa husahau, alisema. Na mama alikwisha kusahau mengi. Kiharusi kilichukua upande wa kulia, kikabeba na maneno yote. Ndugu waliokuja kumjulia hali walimzungumzia mbele yake kama watu wanaopanga kuhamisha kabati. Kaka mkubwa ndiye aliyemaliza kabisa. Alisema mama ameshaondoka, mwili tu ndio umechelewa. Msusi alimjia juu siku hiyo mpaka majirani wakanyamaza kusikiliza, lakini rohoni hakuwa na ushahidi wa kumpinga.

Usukaji ni kazi ya mikono miwili. Kwa hiyo kila alipopata mteja, msusi aliiacha simu chumbani, juu ya mto uliowekwa mapajani mwa mama, mchezo ukiwa wazi, ili zile kete zinazong'aa zimchangamshe, kama mtoto anavyopewa njuga. Asubuhi na jioni alicheza mwenyewe. Pointi zake zilipopanda mpaka kileleni alijipongeza, akamtambia kila aliyekaa kwenye kigoda chake, akidhani wenzake wamechoka wakaacha.

Leo tu alikuwa amebaki nayo kibarazani akingoja pesa, ndipo ikaingia simu ya picha. Alikuwa kijana wa huduma kwa wateja, shati limenyooka, nyuma yake wenzake wawili wakijifanya wana shughuli. Alisalimia kwa adabu, kisha akaeleza kwamba malipo yamezuiwa kwa sababu akaunti inaonekana kuchezwa na watu wawili. Asubuhi na jioni yupo mmoja, wa kawaida, mwenye haraka, anayepoteza kete hovyo.

"Hovyo?" msusi aliuliza.

"Samahani, dada. Lakini mchana anakuja mwingine. Huyo wa mchana, hapa ofisini tunaacha kazi kumwangalia."

Bi harusi alicheka, akasema labda nyumba ina jini la drafti. Kijana hakucheka. Kama dada alicheza peke yake, alisema, atamwekea mchezo wa mwisho pale ulipofikia pabaya, naye aumalizie. Akiweza, analipwa leo. Kama yupo mwingine, mwenyewe ajitokeze mbele ya kamera, aumalizie yeye, kisha asajiliwe kwa jina lake. Vinginevyo akaunti inafungwa, zawadi inarudi.

Msusi alishafungua mdomo aape. Mchana? Mchana mikono yake iko vichwani mwa watu. Ndipo macho yake yakavuka kizingiti, yakaingia chumbani. Mama alikuwa ameketi palepale dirishani, mto mapajani. Juu ya mto usio na simu, kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa kikisogea mshazari, kikisimama, kikisogea tena.

Kabla ya kuugua, mama alikuwa mlinzi wa geti la ghala. Madereva wakisubiri kupakia walicheza naye drafti kwa vizibo vya soda. Ambaye angemfunga angepita bila foleni. Hakuna lori lililowahi kupita bila foleni.

Msusi aliingia, akapiga magoti. Bi harusi akafuata na ufagio wake wa nywele. "Mama," msusi alisema, "kuna mtu anauliza nani alikuwa akicheza." Akaiegemeza simu juu ya mto.

Kete zilipangwa kwenye kioo. Za mama zilikuwa chache, zimebanwa pembeni. Kidole kiliinuka, kikabaki hewani kwa muda mrefu hivi kwamba msusi aliomba moyoni asiwe amemwaibisha mama yake mbele ya wageni. Kisha kikashuka, kikasukuma kete moja hadi ndani ya kinywa cha adui.

"Anampa bure," bi harusi alinong'ona.

Ikaliwa. Mama akatoa nyingine. Ikaliwa. Akatoa ya tatu, taratibu, kama mtu anayefungua geti. Na hapo kete yake ya nyuma kabisa, ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama, ikaruka, ikaruka, ikaruka tena, ikafagia njia nzima, ikafika mwisho ikawa kingi.

Upande wa pili kiti kilisukumwa nyuma. Kijana alikuwa amesimama.

"Shikamoo, mama," alisema. "Tulidhani ni mashine."

Mama hakuweza kuitikia. Aliinua kile kidole kimoja, akakishusha. Msusi alisisimka kuanzia utosini. Mama alikuwemo. Siku zote hizi alikuwemo humu ndani, anasikia kila neno, la kaka na la wale ndugu wa kabati, na hakumjibu mtu. Alikuwa akisubiri zamu yake.

Walimsajili kwa kitambulisho chake na kwa laini yake ya zamani, ile waliyoona haya kuitupa, wakaiweka kwenye simu hiyohiyo. Bi harusi alimaliziwa kichwa, akaondoka akimtazama mama kwa kuibia, kama mtu anayetoka mahali patakatifu.

Jioni ile msusi aliketi mbele ya mama yake, simu katikati yao, wakicheza wao wawili. Alikuwa ameshaliwa nusu ya kete. Simu ikalia, na ujumbe ukashuka juu ya ubao: Umepokea. Msusi akainama kuusoma.

Kidole cha mama kilimtangulia. Kiliusukuma ujumbe ukatoka nje ya kioo, kwa kuwa ulikuwa umefunika kete. Kisha mama akainua macho, akamtazama mwanawe, akangoja acheze.