Mlango wa Bafu la Idodi

Lea hakuwa mtu wa kuona haya ovyo, lakini siku Bwana Adrian alipompigia simu kutoka Idodi kumweleza kwamba wageni wa loji yake wanaonana bafuni kupitia milango aliyoitengeneza yeye, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Milango hiyo ilipotoka karakanani kwake Mafinga ilikuwa mizuri ajabu. Kosa lilikuwa la mji mzima. Katika ukungu na baridi ya kule, ubao wa paini ukishaanikwa wiki mbili uwanjani huitwa mkavu, unapigwa randa, unapakiwa. Ukifika kwenye joto la Idodi ndipo unapokauka kweli, unasinyaa, na kila kiungo kinaachia. Wateja walihamia milango ya kutoka nje ya nchi, na karakana ambayo Lea na mdogo wake Crispin waliachiwa na baba yao ikabaki na mafundi wanaoshinda wakipiga soga.

Kisha bajeti ikasomwa, na kodi ya milango ya nje ikapandishwa. Mafinga nzima ilichangamka. Kila mwenye karakana alikimbilia kuongeza mashine ili atoe milango mingi zaidi, mibichi vilevile. Crispin alitaka lori la pili. Alisema sasa mteja hana pa kwenda, hata mlango ukipinda ataubeba hivyo hivyo.

"Kodi ni ya serikali, Crispin," Lea akamwambia. "Mwaka huu wameipandisha, mwakani wakitaka wataishusha. Sisi tutabaki na milango yetu hii hii."

Basi akauza hata lori moja walilokuwa nalo, akajenga tanuri la kukaushia mbao, linalowashwa kwa maranda na mabaki ya karakana. Crispin alilipenda lile lori. Jumamosi aliliosha kabla hajaoga mwenyewe. Siku lilipoondoka alikwenda nyuma ya karakana akalia, na Lea aliposikia roho ilimuuma sana. Mji nao ukapata cha kuchekea. Wakasema binti wa marehemu amechoka kuuza mbao, sasa anazipika.

Milango yao ilikuwa ikiuzwa Iringa mjini na Bi Mwanakhamisi, mwenye duka Mlandege, mama asiyemung'unya maneno. Alisema hatapokea hata mmoja mpaka Bwana Adrian aridhike, maana aliyetukanwa Idodi ni yeye. Bwana Adrian naye aligoma katakata kuchukua tena milango yao. Hapo Lea, ambaye akipandwa na hasira hutamka kwanza akafikiri baadaye, alisema atafunga mlango mmoja tu, wa bafu, bure, ukae kiangazi chote, na Oktoba atakuja kuoga humo mwenyewe mchana kweupe, wenye macho waje watazame.

Oktoba ikafika na joto lake. Lea alijua kwamba akiumbuka leo, karakana inafungwa na mafundi wanarudi makwao. Aliingia, akajifungia, akafungulia maji. Crispin alisimama nje amegeukia ukutani, maana huyo ni dada yake. Bwana Adrian alivuta kiti akakaa mbali kwa heshima. Bi Mwanakhamisi peke yake ndiye aliyesogea. Alivaa miwani, akafuata kila kiungo kwa jicho kuanzia juu, kisha akakunja baibui lake akapiga magoti kukagua chini. Alikaa hapo muda mrefu, na Crispin akaanza kutokwa na jasho.

"Mwanangu," akauliza hatimaye, "umevaa nini humo ndani?"

Maji yaliendelea kumwagika. Lea akainama kutafuta ufa mlangoni. Mtu wa kawaida hamuulizi anayeoga amevaa nini, ila kama ameona kitu.

"Kwa nini, Bi Mwanakhamisi?"

"Nauliza kwa sababu sioni hata kivuli chako."

Mlango ukafunguka, Lea akatoka. Alikuwa na gauni lake, sweta lake la Mafinga na viatu, vyote vinachuruzika maji. Crispin akageuka, akamtazama dada yake kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaangua kicheko ambacho hakikuwa kimesikika tangu lori liuzwe.

"Kumbe hata wewe mwenyewe hukuuamini," akasema Bwana Adrian.

"Sikuuamini," Lea akakiri, huku meno yote yakiwa nje.

Bwana Adrian akaagiza milango ya loji nzima, na Bi Mwanakhamisi akampa Lea kanga yake ya akiba, akamrudisha bafuni akaoge kweli.